Aliyemsindikiza Mgonjwa

Wasichana wa bweni walimwita Mama Filimbi. Alijua, na hakuwakataza, maana matroni wa shule anayeogopa jina la utani heri akafuge kuku. Filimbi yenyewe ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Aliipuliza kuwaamsha, akaipuliza kuwaharakisha bafuni, akaipuliza taa zilipotakiwa kuzimwa, na katikati ya hapo akaipuliza kila alipokuta ndoo imeachwa njiani au shuka limeanikwa dirishani kama bendera ya jeshi lililosalimu amri. Alikuwa mwanamke mwembamba, anayekaribia kustaafu, mwenye hatua za haraka na subira fupi. Bweni lilikuwa la ghorofa tatu, na ngazi zake alizipanda na kuzishuka kutwa, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, wasichana wenye mambo hawalali chini hata siku moja. Wote hupangiwa juu.

Akitoka huko, nyumbani alikuwa na mtihani mwingine: mume.

Huyu alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, bati juu, vipande vya sponji vimerundikwa pembeni, na harufu ya gundi ilikuwa imeshazoea kuingia hadi chumbani kama mtu wa familia. Mtu mnene, mcheshi, tumbo limemtangulia hatua nzima. Sigara moja mdomoni, nyingine nyuma ya sikio ikisubiri zamu. Chumvi aliitia kwenye chakula kabla hajaonja. Mkewe akimsema, alipapasa tumbo na kujibu, "Mama watoto, kochi lisilo na sponji nani atalikalia?" Wateja wakaangua kicheko, na Mama Filimbi akabaki anachemka peke yake. Hicho ndicho kilichomkata maini: kwamba katika kila ugomvi yeye ndiye aliyekuwa na haki, na yeye ndiye aliyeonekana mkorofi.

Basi asubuhi moja fundi alikuwa akimsaidia mteja kupakia kochi la watu watatu kwenye pikapu. Mkewe alikuwa jikoni, dirisha wazi. Alimwona anaachia kochi ghafla, anashika kifua, anakunja uso kama aliyeumwa na nge.

"Nini hicho?" akapaza sauti kutoka dirishani.

"Gesi," fundi akajibu bila kugeuka.

Gesi! Tangu siku hiyo Mama Filimbi hakulisikia neno lingine. Akishika kifua baada ya kula, gesi. Akijilaza kidogo mchana na kuamka anajisugua, gesi. "Nyumba hii," mkewe akamwambia, "ingekuwa na gesi kiasi hicho nisingenunua mkaa."

Lakini chini ya maneno hayo hakuwa anatania. Baba yake mzazi alianguka mlangoni siku moja akitoka kwenda kazini, kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika, akiwa bado na umri ambao wenzake walikuwa wanacheza mpira. Msibani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema presha, mwingine akasema kuna mkono wa mtu, mwingine akasema siku zake zilifika. Mama Filimbi, wakati huo msichana anayejua kusoma na kunyamaza, alikumbuka kwamba wiki ile nzima baba yake alikuwa akisimama njiani, anashika kifua, anasema amechoka tu. Ndiyo maana kila fundi alipogusa kifua, yeye alikiona kile kiatu kimoja mkononi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia asubuhi. Akamwambia tena mchana, na jioni akamwambia kwa kumwekea sahani mezani kwa kishindo.

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nikimaliza makochi ya watu." Au: "Jua likipungua." Au ile iliyomfanya mkewe atoke nje akavute hewa: "Mama watoto, hospitali ni kama gereji. Unaingia na taa iliyoungua, unatoka umeambiwa injini imekufa."

Kana kwamba hayo hayatoshi, alikuwapo wifi. Dada mkubwa wa fundi aliishi mtaa wa pili na alikuja kila siku, ana chupa ya maji ya moto iliyopondewa vitunguu saumu, na ana maoni. Kwa maoni yake, kaka yake hakuwa na ugonjwa wowote. "Kaka yangu anaumwa na kelele," alisema, huku akimmiminia. "Mwanaume akipigiwa filimbi kazini kwa mkewe na nyumbani kwake, moyo utakaa wapi?"

"Wifi, kazini kwangu yeye hajawahi kufika."

"Basi mwangwi unafika."

Fundi akanywa vitunguu, akapiga mbweu ndefu, akasema amepata nafuu. Mama Filimbi aliondoka mezani. Kuna watu unaweza kugombana nao, na kuna watu ambao kugombana nao ni kufua nguo ukiwa umesimama ndani ya tope.

Yeye mwenyewe, wala asingeweza kukwambia tangu lini, alikuwa na jino. Taya la kushoto lilimvuta, hasa akiwa kwenye ngazi za bweni, akifukuzana na mambo ya ghorofa ya tatu. Alikwenda kwa daktari wa meno, akaonyesha gego, likang'olewa. Wiki iliyofuata maumivu yakarudi palepale, na Mama Filimbi akakata shauri kwamba yule bwana aling'oa jino lisilohusika. Siku hizi kila mtu anafanya kazi ovyo, alisema. Ndiyo maana hata makochi ya mumewe yalirudishwa. Pumzi pia ilimpungukia, lakini nani asiyepungukiwa na pumzi akilea wasichana wa watu? Uchovu, huo haukuwa ugonjwa. Huo ulikuwa mshahara wake wa pili.

Ilibidi binti yao mkubwa aingilie. Alipiga simu kwenye kliniki ya moyo ya hospitali kubwa, akamwandikisha baba yake, kisha akampigia fundi na kulia. Fundi alikuwa na dawa ya kila hoja isipokuwa machozi ya binti yake. Akavaa shati la harusi za watu, lile linalobana, akaenda.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi ya "Mbovu", na karatasi yenyewe ilikuwa imeshageuka njano kwa kukaa. Mama Filimbi akamtazama mlinzi kama yeye ndiye aliyeiharibu, akashika ngazi. Alipanda mbele ili kumvuta mumewe kwa aibu. Kwenye kona ya katikati taya likamkaza. Safari hii halikuvuta, lilikaza, kama mtu amemshika kidevu kwa mkono mzima, na maumivu yakashuka hadi begani. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Akashika reli, akajifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Fundi akamfikia akihema kwa mbwembwe. "Mbona umesimama?"

"Nakusubiri wewe, konokono."

Daktari alikuwa mwanamke kijana kidogo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aanze kazi. Alimkalisha fundi, akaanza kumuuliza. Anavuta sigara?

"Kama jiko la mkaa," Mama Filimbi akajibu.

Je, katika ukoo kuna aliyepata ugonjwa wa moyo au kiharusi mapema?

"Mama yake alifika uzee wa kubebwa. Dada yake yupo, ana afya kuliko mimi na wewe."

Mazoezi?

"Kutafuta kiberiti."

"Mama," daktari akasema kwa upole, "naomba mzee ajibu mwenyewe."

Ikawa zamu ya fundi kutabasamu. Akaeleza. Maumivu huja akishiba, huja akijilaza chali, yanaungua kutoka tumboni kwenda juu. Na hili lingine la upande wa kushoto lilianza siku ile ya kochi. Daktari akaminya kwa kidole ubavuni mwake. Fundi akaruka. "Hapohapo!" Akaminya tena, akaruka tena. Wakamlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya vilima. Wakamtoa damu. Wakampima presha mara mbili, kwa sababu ya kwanza daktari hakuipenda. Hata kwenye mashine ya kutembelea wakampandisha, akatembea analalamika mpaka mwisho, na vilima vyake havikubadilika.

Majibu yalipokusanyika, daktari alimwambia hivi: maumivu ya kifua chake, kwa vipimo vyote, hayakuonyesha kutoka kwenye moyo. Moja ni tindikali ya tumboni inayopanda, na lingine ni msuli uliovutika kwa kubeba kochi. "Lakini usishangilie," akaongeza. "Presha iko juu, mafuta kwenye damu yako juu, na unavuta. Unajijengea ugonjwa, ila leo bado hujaumaliza kuujenga."

Fundi alisikia nusu ya kwanza tu. Akamgeukia mkewe, uso umemchanua. "Nilisemaje? Nilisema nini mimi? Gesi!"

Hapo Mama Filimbi alitamani ardhi ipasuke immeze mmoja wao, na hakuwa na uchaguzi kuhusu nani. Wiki zote zile! Akafungua mdomo kumjibu, taya likamkumbusha, akalishika kwa kiganja.

"Na wewe mama," daktari akasema, "taya lina nini?"

"Jino tu."

"Limeoza?"

"Limeshang'olewa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Jino limeng'olewa na bado linauma. Huwa linauma wakati gani?"

"Daktari, mgonjwa ni huyu. Mimi nimemsindikiza."

"Huwa linauma wakati gani, mama?"

Lilikuwa linauma wakati wa ngazi. Lilitulia alipokaa. Mama Filimbi alijibu kwa ufupi, kama mtu anayetoa siri za jirani asiyempenda. Maswali yaleyale aliyomjibia mumewe kwa mbio sasa yalirudi kwake, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuyacheka. Baba yake alikufa na nini? Akaeleza habari ya mlangoni. Sukari? Ipo, ya kuigusa tu. Vidonge alimeza akikumbuka. Presha? Nayo. Hedhi ilikoma zamani. Sigara? "Sijawahi kuishika!" akasema kwa fahari, na fundi, aliyekuwa anafunga vifungo vya shati, akapunguza kasi ya vidole.

Wakamlaza yeye sasa, nyaya kifuani. Karatasi ikatoka, vilima vimepangana vizuri.

"Si unaona?" akasema, anainuka. "Mzima."

"Mama, kipimo hiki kimesoma moyo wako ukiwa umelala. Wewe jino lako halikuumi ukiwa umelala." Daktari alimtaka apimwe kwenye mashine ya kutembelea, lakini fundi wa kipimo alikuwa ameshafunga chumba, kwa hiyo wiki ijayo. Akampa aspirini na vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija, akamwonya kwamba yakimjia amekaa, au yasipokwisha, asingoje wiki ijayo wala kesho. Na ngazi aziache.

Aziache! Nani angezipanda, mkuu wa shule? Mama Filimbi alirudi nyumbani amefura. Mtu anampeleka mumewe hospitali, mume anatoka mzima, yeye anatoka mgonjwa. Dunia gani hii?

Na sasa fundi akawa hakamatiki. Mume aliyesubiriwa wiki baada ya wiki aende kupimwa aligeuka mhubiri. "Mficha maradhi," alianza asubuhi, na mkewe akamwambia amalizie akiwa karakana. "Nyani haoni kundule," alisema mchana, anacheka mpaka tumbo linatikisika, ila macho hayakucheka. Alifika hadi kumpokonya ndoo ya maji mkononi mbele ya majirani.

"Niache! Mimi na wewe nani mgonjwa?"

"Wewe," fundi akasema.

Wifi alikuja na chupa yake. Aliposikia habari, alimtazama wifi yake kuanzia kichwani hadi miguuni na kucheka. "Moyo? Wewe? Moyo ni ugonjwa wa wanene, mama. Wewe ulivyo kama mti wa bendera, mafuta yatapita wapi? Hao madaktari wanatafuta watu wa kuwajaribia mashine. Usiende."

"Ndivyo ninavyosema na mimi," Mama Filimbi akajibu.

Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kukubaliana na mwanamke huyu kwa jambo lolote, si la watoto, si la shamba, si la mapazia. Kumkuta wifi yake upande wake wa meza kulimtia wasiwasi kuliko maneno yote ya daktari. Lakini hata hivyo hakukusudia kwenda. Wiki ya kipimo ilikuwa wiki ya mitihani, na bweni wakati wa mitihani ni soko lililoibiwa.

Jioni ya siku moja kabla ya kipimo alisikia kelele juu. Alipanda. Alijiambia atapanda polepole, na alipofika ghorofa ya pili aliisahau ahadi hiyo, kwa sababu kuna mtu alikuwa anapiga debe kwa kijiko. Alipotokea mlangoni mwa chumba cha mwisho wasichana waliganda. Akaiweka filimbi mdomoni.

Haikulia. Akajaribu tena. Hewa haikuwapo, kifua kilikuwa kama mlango uliosukumiwa kabati kwa ndani. Taya, bega, na sasa mkono wote vikamshika. Akaitoa filimbi mdomoni, akaketi juu ya sanduku la mwanafunzi mmoja bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoa kidonge mfukoni na kukiweka chini ya ulimi.

Wasichana walimzunguka. Mmoja alimpepea kwa daftari. Mwingine, yule mkorofi wa debe, alianza kulia.

"Mnaangalia nini?" Mama Filimbi akasema alipopata sauti. "Someni." Hawakusoma. Walimshusha ngazi wakimshika mikono pande mbili, wawili mbele yake wakitembea kinyumenyume kumwangalia, na kila kona walimlazimisha apumzike. Muda wote huo aliwafokea, lakini mikono yao hakuiachia.

Alipofika nyumbani fundi alikuwa anapiga misumari ya kitambaa. Hakumweleza la filimbi. Alisimama mlangoni mwa karakana akasema, "Kesho uvae viatu mapema."

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, na mashine ilikuwa ukanda mweusi unaokimbia bila kwenda popote. Mama Filimbi aliipanda kama anayekwenda kumkaripia mtu. Mwanzo ulikuwa mwendo wa kawaida. Kisha ukanda ukainuka kidogo na kuongeza mwendo. Daktari aliangalia kioo chenye vilima, si uso wake.

"Unasikia chochote?"

"Nasikia joto. Fungueni dirisha."

Ukanda ukainuka tena. Taya likaja. Hakusema. Vilima kwenye kioo, vile vilivyokuwa vimepangana vizuri, vikaanza kuzama sehemu moja, kama godoro lililokatika springi. Daktari akamwonyesha fundi wa kipimo kwa kidole.

"Simamisha."

"Sijachoka!" Mama Filimbi akapinga, jasho linamtiririka.

"Najua hujachoka, mama. Moyo wako ndio umechoka. Keti."

Akaelezwa akiwa ameketi, fundi makochi amesimama nyuma yake mikono imeshika mgongo wa kiti. Moyo, daktari alisema, unalisha mwili mzima damu, lakini nao una mishipa yake ya kujilisha. Ndani ya kuta za mishipa hiyo mafuta hujijenga taratibu, miaka na miaka, bila kupiga hodi, mpaka njia inakuwa nyembamba. Ukiwa umekaa, damu inayopita inatosha. Ukipanda ngazi moyo unadai zaidi, na haupati, ndipo unalia. Kwa watu wengi unalia katikati ya kifua. Kwa wengine, na mara nyingi kwa wanawake na wenye sukari, unalia tayani, mgongoni, begani, au kwa kukosa pumzi na uchovu usio na sababu.

"Lakini mimi ni mwembamba," Mama Filimbi akasema. Alisikia sauti yake ikitoka ndogo, akakasirika. "Mimi sili kama huyu! Mimi sivuti! Huyu anakula mafuta, anavuta, analala kwenye sponji, halafu mshipa unaziba wa nani? Wangu! Haki iko wapi?"

"Wembamba si kinga," daktari akasema. "Baba yako alikwenda mapema, hilo lilikuwa kwenye damu tangu mwanzo. Sukari hukwangua mishipa kimyakimya hata kama ni ya kuigusa, na vidonge hukuvimeza kila siku. Presha nayo inasukuma. Na sigara..." Hapo akasita. "Mnalala chumba kimoja?"

"Miaka yote."

"Basi umevuta, mama. Moshi haumuulizi mtu kama amenunua pakiti."

Fundi aliachia mgongo wa kiti. Mama Filimbi aligeuka kumwambia neno, alikuwa nalo tayari, alikuwa amelinoa tangu asubuhi. Alipomwona uso akalimeza. Mwanaume mzima alikuwa anang'oa sigara nyuma ya sikio, hajui pa kuitupa, mwisho akaitia mfukoni mwa shati la harusi.

Daktari aliagiza mishipa hiyo ya moyo ipigwe picha. Siku ilipofika Mama Filimbi hakulazwa usingizi. Walimtia ganzi kifundoni mwa mkono, wakapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka moyoni, wakamimina dawa inayoonekana kwenye picha. Mwili ukamwaka joto mara moja. Kwenye kioo aliuona moyo wake mwenyewe ukipiga, mishipa imeutambaa kama mizizi, na mmoja wa mbele, mkubwa, ulikuwa mnene, kisha ghafla ukawa uzi, kisha ukanenepa tena.

"Hapo," daktari wa mishipa akasema.

"Naona," Mama Filimbi akajibu. "Sasa mnasubiri nini?"

Wakacheka nyuma ya barakoa. Wakapitisha puto dogo, wakalijaza mahali penye uzi, wakaacha hapo kibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa usifunge tena. Puto lilipojaa, taya lilimshika vilevile kama kwenye ngazi, ndipo hata yeye, mbishi kiasi kile, akaamini kwamba halikuwa jino.

Yaliyofuata yalimchosha kuliko ugonjwa. Walimwambia vidonge ni vya kila siku na asiviache kwa kuwa anajisikia vizuri, kwani kibomba kimefungua mahali pamoja tu na ugonjwa wenyewe upo. Alikubali. Asichokikubali ni kupikiwa. Fundi, ambaye hakujua sufuria zinawekwa wapi, alijitwalia jikoni na kuchemsha kila kitu mpaka kikafanana. Na kwa kuwa aliacha sigara, alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alimfokea mteja, akaifokea nyundo, alitafuna vijiti vya mswaki mpaka ufizi ukavimba, aliteleza mara mbili akavuta nyuma ya choo na mara zote mbili alirudi mwenyewe kuungama, harufu imemtangulia. "Afadhali ulipokuwa na gesi," mkewe akamwambia.

Wifi alisema ni vitunguu saumu vyake vilivyomshusha fundi presha. Binti mkubwa naye aliambiwa akapime presha, sukari na mafuta, maana sasa babu na mama wote wamo; akasema ataenda akipata likizo, na Mama Filimbi akampigia simu kila siku mpaka likizo ikapatikana.

Shule ilimpangia kazi ya vyumba vya chini kwa muhula mmoja. Muhula uliofuata alizipanda ngazi zote, polepole, na taya likakaa kimya. Alisimama ghorofa ya tatu akapumua, na bahati mbaya kwa wasichana, alikuwa na pumzi ya kutosha kuwasema wote.

Jioni walitakiwa kutembea, yeye na mumewe, ndivyo daktari alivyoagiza, kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo. Mama Filimbi alivaa raba na kutoka getini kama anayewahi basi. Fundi alisimama kumsalimia muuza maji. Akasimama kumuuliza fundi viatu habari za mtoto. Akasimama kulitazama kochi la mtu lililoachwa barazani, akabonyeza sponji yake kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Baba watoto, tunatembea au tunafanya kampeni?"

"Nakuja."

"Moyo hauponi kwa salamu!"

"Nakuja, mama, nakuja," fundi akasema, na kumbe ameshaketi kulijaribu.